Aliyebaki Peke Yake Nyumbani: Somo Litokalo Kitisuru

Saa 2 ya asubuhi ikipita, Kitisuru hunyamaza. Magari yaliyoshuka kwa barabara za Lower Kabete na Peponi yamekwisha kufika Westlands na katikati ya mji. Watoto wamekwisha kuchukuliwa na mabasi ya shule. Na malango makubwa ya chuma yamefungwa. Mtu apitaye kwa miguu husikia ndege, mashine ya kukatia majani mahali fulani mbali, na mbwa wabwekao kila afikapo penye lango. Haoni mtu. Walakini si kweli kwamba nyumba hizo ni tupu. Katika nyingi yumo mtu mmoja: yaya aliyeachiwa mtoto mchanga, au mpishi, au mama mzee aliyekuja kutoka shamba kumwona mwanawe, au mwanafunzi aliyeachwa kitandani kwa sababu ya homa. Somo hili ni la mtu huyo mmoja, na la wale wanaomwacha.

Kitisuru iko kaskazini-magharibi ya Nairobi, mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka katikati ya mji. Zamani ilikuwa nchi ya Wakikuyu wa Kabete. Wakati wa ukoloni ikawa mashamba ya kahawa ya walowezi, kisha mashamba yakakatwa viwanja vipana vya nyumba za Wazungu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wa kila taifa wenye uwezo waliingia humo, lakini desturi ya kukaa mbali mbali haikuondoka. Hata leo jirani yuko ng'ambo ya ua wa kayaba au ukuta wa mawe, na katikati pana bustani, miti mirefu na pengine kijito.

YOWE LISILOFIKA

Katika kijiji, mtu apatwaye na jambo hupiga yowe. Hahitaji kufundishwa. Yowe moja hujibiwa na jingine, wanaume huacha majembe, wanawake huacha vyungu mekoni, na kabla maji hayajachemka uwanja umejaa watu. Aliyesikia asitoke alihesabiwa kuwa mtu mbaya. Ulinzi wa aliye peke yake haukuwa mlango wake, maana mlango wenyewe mara nyingi ulikuwa wa fito tu. Ulinzi wake ulikuwa masikio ya majirani.

Huko Kitisuru mlango ni wa mbao nzito, madirisha yana nondo, juu ya ukuta zimepitishwa nyaya za umeme, na yowe hufia uani. Basi nyumba yenye nguvu na nyumba yenye usalama si kitu kimoja. Kuta zinazomzuia mwizi ndizo hizo hizo zinazomtenga aliye ndani na watu. Sikio ambalo kijijini alilipata bure, hapa lazima litengenezwe kabla ya siku ya haja.

Sikio la kwanza ni simu. Siku hizi watumishi wengi wanayo simu ya mkononi, lakini simu isiyo na chaji haimfai mwenyewe hata kidogo. Iwe na chaji saa zote, na iwe karibu na mkono, isiachwe chumba cha nyuma wakati mwenyewe yuko jikoni. Nambari 999, 112 na 911 humpata polisi bila malipo. Nambari 1199 ni ya Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, kiletacho gari la wagonjwa. Nambari hizi, pamoja na za wenye nyumba na za jirani mmoja, ziandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani. Zisiwekwe katika simu peke yake, kwa kuwa hofu huondoa kumbukumbu, na simu ndicho kitu cha kwanza anachonyang'anywa mtu.

Chini ya nambari hizo yafaa paandikwe jambo moja ambalo wenye nyumba wengi hulisahau, nalo ni mahali nyumba ilipo. Mtumishi aliyefika jana kutoka Kakamega au Kitui hajui hata jina la barabara. Ameletwa usiku kwa gari, lango likafungwa nyuma yake. Polisi akimwuliza, "Uko wapi?" atajibu, "Niko kwa Mama Fulani." Jibu hilo halileti gari. Paandikwe jina la barabara, namba ya nyumba, rangi ya lango, na alama ionekanayo na kila mtu, mathalani daraja, kanisa au shule. Mtumishi asome maneno hayo kwa sauti siku ya kwanza ya kazi, mpaka ayajue.

Sikio la pili ni la watu. Mwaka 2013 Serikali ya Kenya iliingiza mpango wa Nyumba Kumi, ambao asili yake ni Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi kumi walianza katika miaka ya 1960. Shabaha yake ni kwamba kila mtu awajue walio karibu naye. Katika mitaa ya viwanja vipana mpango huo huwa mgumu, maana mabwana hawajuani; hupishana katika magari yenye vioo vilivyofungwa. Lakini watumishi wao wajuana vizuri. Hukutana kibandani wakinunua sukuma wiki, hukutana njiani wakitembeza mbwa, hurudi pamoja jioni kwenda Kangemi na Kibagare, na Jumapili huketi benchi moja kanisani. Mwenye nyumba aliye na akili hatayakataza mazungumzo hayo kwa kuyaita umbeya. Yaya wa nyumba ya kwanza na mtunza bustani wa nyumba ya pili wakipatana kupigiana simu saa 4 na saa 9 kila siku, kwa neno moja tu, "Salama?", wamelirudisha lile sikio la kijijini.

Tena nyumba nyingi za huko zina kitufe cha kuita walinzi wa kampuni. Kinachoshangaza ni kwamba wenye nyumba wanakijua, hali wao hawako mchana kutwa, na abakiye nyumbani hajaonyeshwa. Au ameonyeshwa, lakini akaambiwa kwa ukali kwamba asikiguse bure. Siku ya haja atasimama mbele ya kitufe akijiuliza kama jambo hili limetosha. Na akibonyeze yeye mwenyewe, mara moja kila mwezi, kampuni ikiwa imearifiwa kwamba ni majaribio.

HODI NA KARIBU

Mwizi mwenye nguvu ni wa usiku. Wa mchana huja na maneno. Huvaa ovaroli, hushika daftari na kalamu, na hupiga hodi kwa heshima.

Katika malezi ya Waswahili na ya makabila mengi ya bara, hodi hujibiwa "Karibu", na neno hilo hutoka kinywani kabla akili haijafika. Tangu utoto mtu amefundishwa kwamba kumweka mgeni nje ni utovu wa adabu. Wadanganyifu walijua hilo zamani. Anayesema "Karibu" amekwisha kutoa ruhusa, na kuirudisha kwaonekana kama ugomvi. Basi aliye peke yake na aijibu hodi kwa lile neno jingine ambalo nalo ni la adabu na la kale: "Nani mwenzangu?" Kisha akae nyuma ya lango, komeo likiwa mahali pake, na mazungumzo yapite katika kile kidirisha kidogo.

Tuseme mazungumzo ni haya.

"Hodi hapa!"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi fundi wa umeme, dada. Mama amenituma niangalie mita."

"Hujambo, fundi. Subiri hapo hapo, nimwulize."

"Hakuna haja. Huyu hapa kwenye simu, zungumza naye."

Hapo ndipo wengi wameponyokwa na nyumba zao. Sauti iliyo katika simu ya mgeni ni sauti ya mwenzake. Itasema kwa haraka, itakemea, itataja jina la mtoto, ambalo lilisikiwa njiani. Aliye ndani asiipokee simu hiyo hata kwa sekunde moja. Atumie simu yake mwenyewe, apige nambari anayoijua, ile iliyobandikwa ukutani. Kama ni kampuni ya umeme, anaweza pia kupiga nambari 97771 ya Kenya Power na kuuliza. Mfanyakazi wa kweli ana kitambulisho cha kazi chenye picha, na kungoja dakika 10 nje ya lango hakumwudhi, kwa kuwa amezoea. Anayekasirika kwa kungojeshwa amejitambulisha.

Iko hila nyingine isiyohitaji hata kufika langoni. Simu hulia, na mtu asiyejulikana husema kwamba bwana amepata ajali, yuko hospitali, zinahitajika fedha au hati zilizo katika kabati la chumbani, na kijana mwenye pikipiki yuko njiani kuzichukua. Habari ya ajali humtetemesha kila mtu, na ndiyo sababu wameichagua. Jibu ni lile lile: kukata simu, kumpigia bwana mwenyewe, asipopatikana kumpigia bibi, asipopatikana kumpigia ndugu aliyeandikwa. Wote wasipopatikana, hakuna kitu kitokacho nyumbani.

Na neno "niko peke yangu" lisitamkwe kwa mtu yeyote asiyejulikana. Kusema "Ngoja niulize ndani" si uongo wa kumdhuru mtu. Redio iliyowashwa chumba cha mbele husaidia kidogo. Mbwa husaidia zaidi, ingawa mbwa aliyezoezwa nyama na kila mgeni ni wa mapambo tu.

ANAYEOGOPA KUKARIPIWA

Hapa pana jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Watumishi wengi waliofungua lango kwa wezi hawakuwa wajinga. Waliogopa. Tuseme Jumanne ndugu wa bwana alifika bila kuarifu, akawekwa nje dakika 15 mpaka simu ikapatikana, naye akalalamika. Na jioni mtumishi akakaripiwa mbele ya watu kwa kumdharau mgeni. Siku hiyo hiyo nyumba ile imepoteza mlinzi. Alhamisi atakapofika mtu mwenye suti na sauti ya amri, akisema kwamba yeye ni mjomba wa Mama, lango litafunguliwa mara moja, kwa kuwa mtumishi amefundishwa ni kosa gani linaloadhibiwa.

Kwa hiyo mwenye nyumba hana budi kutoa ruhusa iliyo wazi: "Nisipokuambia asubuhi kwamba mtu atakuja, usimfungulie, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja, mpaka usikie sauti yangu." Kisha aitimize. Mgeni wa kweli akilalamika, mwenye nyumba amwombe radhi mgeni na amshukuru mtumishi, na yote mawili yafanyike mtumishi akisikia. Hili halina gharama. Nyaya za umeme za ukutani zina gharama kubwa, wala hazimzuii mtu aliyefunguliwa lango.

Askari wa polisi nao wana taratibu zao. Polisi hupewa cheti cha kazi chenye jina lake na namba yake, na mwananchi aweza kuomba kukiona. Kwa kawaida upekuzi wa nyumba huhitaji hati ya mahakama, ingawa sheria huruhusu mambo ya dharura. Aliye peke yake akiona wasiwasi aweza kupiga 999 au kuuliza katika kituo cha Spring Valley au cha Gigiri kama askari hao wametumwa. Asibishane nao wala asiwatukane. Aulize tu.

HATARI ISIYOPIGA HODI

Watu humfikiria mwizi zaidi, na hiyo ni desturi ya moyo. Lakini yako mambo yanayoua nyumbani bila kuvunja mlango, na Kitisuru yanaua hasa katika kijumba cha nyuma.

Nairobi imeketi juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Katika Juni, Julai na Agosti baridi yake huingia mifupani, nayo mitaa yenye miti mingi na mabonde huona ukungu na umande zaidi. Nyumba kubwa ina meko yenye bomba la moshi. Kijumba cha watumishi hakina. Basi mtumishi akimaliza kazi usiku huwasha jiko la makaa, hungoja moshi uishe, huliingiza chumbani, hufunga dirisha, huziba nafasi iliyo chini ya mlango kwa gunia, hulala. Kila alichofanya chaonekana kuwa cha busara, na kila kimoja kimemsogeza karibu na kifo.

Kuisha kwa moshi si kuisha kwa hatari. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi mtu. Ikivutwa huingia katika damu na kushikamana na zile chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni. Nayo hushikamana nazo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu yazidi kupita mwilini kama kawaida, ila ni kama matatu iliyojaa abiria wasiotaka kushuka: walio njiani wanangoja bure. Ubongo na moyo hukosa oksijeni.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Mtu hudhani ni malaria au uchovu wa kazi, akajilaza. Wakiwa wawili, pengine mmoja atagundua kwamba mwenzake hajibu vizuri. Aliye peke yake hana wa kumwona, na sumu hii huanza kwa kuiondoa akili ile ile ambayo ingemwambia atoke.

Jiko la makaa lisilale ndani, hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi nusu. Likae nje mpaka majivu yawe baridi. Anayemkuta mwenzake amezirai katika chumba chenye jiko avute pumzi akiwa nje, afungue mlango na dirisha, amvute mgonjwa mpaka penye hewa safi, kisha apige simu. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia kana kwamba ni dawa ya kila sumu, hayafai kitu hapa. Sumu hii haiko tumboni, na kumnywesha aliyezirai ni kumpalia. Dawa ni hewa safi, na hospitalini ni oksijeni. Na kwa mwenye nyumba, blanketi mbili nzito na dirisha lisilopitisha upepo katika kile kijumba zingemwondolea mtumishi haja ya jiko. Nyumba nyingi zenye magari mawili hazijalifanya jambo hilo.

Gesi ya kupikia huonya kidogo zaidi. Kwa asili haina harufu, lakini harufu ile mbaya ya kitu kilichooza imetiwa makusudi ili ijulikane inapovuja. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni kama maji na kukusanyika mahali pa chini. Aisikiaye harufu hiyo asiwashe taa, wala asizime iliyowaka, kwa maana swichi hutoa cheche kwa vyote viwili. Afunge mtungi kama anaufikia, afungue milango, amtoe mtoto, na apige simu akiwa nje, mbali. Wakazi wa Nairobi hawajasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gari la gesi lilipolipuka Embakasi, watu kadhaa wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mtungi wa jikoni ni mdogo, lakini gesi yake ni ya namna hiyo hiyo.

Yafuata habari ya kufuli, nayo ni nzito kuliko zote. Wako waajiri wanaomfungia mtumishi ndani kwa kufuli la nje, pamoja na watoto, na kuondoka na ufunguo mpaka jioni. Husema kwamba ni kwa usalama wake. Madirisha yana nondo, mlango una kufuli, na moto ukianza jikoni hakuna njia ya kutoka isipokuwa moto uzimike wenyewe. Kituo kikuu cha zimamoto kiko mtaa wa Tom Mboya, katikati ya mji, na msomaji ayajuaye magari ya Westlands wakati wa jioni aweza kuhesabu dakika mwenyewe. Mtu asifungiwe ndani. Mwajiri asiyemwamini mtumishi kushika ufunguo asimwachie mtoto.

Ufunguo wa akiba utundikwe ndani, karibu na mlango, mahali ambapo mkono utaupata gizani, lakini mbali na dirisha, kwa sababu wako wezi wavuao funguo kwa ufito mrefu kupitia nondo. Dirisha moja la kila upande wa nyumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Mafundi wa vyuma wa Nairobi huzitengeneza; ni suala la kuagiza tu.

Hatari nyingine ina ufunguo wake mwenyewe. Wasichana wengi wa kazi wamedhuriwa na mtu wa nyumba ile ile, mke akiwa hayupo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimbagui mwenye nyumba na mgeni. Aliyedhuriwa apige 1195, nambari isiyo na malipo. Asioge wala asifue nguo kabla ya kuonwa na daktari. Na afike hospitali mapema, saa 72 zisipite, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya saa hizo haifai tena. Mtoto aliye taabuni, au yeyote anayejua habari yake, ana nambari 116.

Kwa mzee aliyebaki peke yake adui mkubwa ni kuanguka. Sakafu yenye maji, zulia lililokunjika na bafu lisilo na mahali pa kushika humwangusha. Simu yake iwe imefungwa kamba shingoni, isiwe juu ya kabati.

WAKIISHA KUINGIA

Wezi wakiingia, jambo la kwanza ni uhai. Akiwasikia wangali wanavunja, ajifungie katika chumba chenye mlango wa nguvu, abonyeze kitufe au apige simu, na aseme mahali alipo kabla ya kusema lililompata, maana simu ikikatika polisi watakuwa wamekwisha kujua pa kwenda. Wakimkuta, asipigane kwa ajili ya televisheni. Hakuna mwajiri mwenye haki ya kudai damu kwa vitu. Asiwakodolee macho, lakini akumbuke sauti, kimo, viatu, na upande waliokwenda.

Sheria ya Kenya huyapima makosa haya kwa saa. Katika Kanuni ya Adhabu, usiku ni tangu saa 12 u nusu jioni mpaka saa 12 u nusu asubuhi. Kuvunja nyumba mchana kwaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 7. Kosa hilo hilo likifanywa usiku, miaka 10. Mwizi akikamatwa na majirani apelekwe polisi akiwa mzima. Kumpiga mtu mpaka afe ni kuua, hata kama alikuwa na redio ya mtu mkononi.

Baada ya wezi kwenda, pasifagiliwe wala pasiguswe. Habari iandikwe katika Kitabu cha Matukio kituoni, na namba ya maandishi hayo ichukuliwe, kwa kuwa bila hiyo ni vigumu kufuatia jambo lolote baadaye. Mtumishi naye ahakikishe kwamba maneno yake yameandikwa. Ni jambo la kusikitisha, lakini lajulikana katika Nairobi nzima, kwamba nyumba ikiibiwa wa kwanza kushukiwa ni yule aliyekuwamo, hata kama alifungwa kamba. Akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa haki ya kuambiwa sababu mara moja, ya kunyamaza, ya kuonana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata. KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi ambacho huwaandikisha na watumishi wa nyumbani, chaweza kumsaidia aliye mwanachama, nacho ni afadhali kujiunga nacho kabla ya msiba.

SAA YA JIONI

Ilibaki saa moja ya hatari, nayo ni ile ambayo aliye peke yake hudhani kwamba upweke wake umekwisha. Giza linaingia, magari yanapanda kutoka mjini, honi inapigwa mara mbili nje. Wezi wa magari huipenda saa hiyo, kwa sababu lango hufunguka lenyewe kwa ajili yao: humfuata mwenye nyumba polepole, taa zao zikiwa zimezimwa, na kuingia nyuma yake.

Honi si sauti ya mtu. Kila gari lina honi. Aliye ndani achungulie kwanza. Alione gari, amwone dereva, aangalie na nyuma yake. Dereva naye apige simu afikapo kona ya mwisho, na akiona gari lisilojulikana nyuma yake asisimame kabisa, bali apite aendelee mpaka penye taa na watu, au moja kwa moja kituo cha polisi. Wayaafikiane hayo mapema, siku ya mchana, wakiwa wamesimama wote langoni. Na gari la bwana likionekana likipita bila kupunguza mwendo, aliye ndani asidhani kwamba amesahau nyumba yake. Komeo likae palepale, taa za nje ziwashwe, na simu ishikwe mkononi.